Muziki wa Kompyuta Mpakato Katika Redio ya Zamani

Redio kubwa ya zamani haihitaji kutupwa kwa sababu haina Bluetooth. Mtumiaji aitazame kwanza upande wa nyuma: tundu la kuingizia sauti lililoandikwa AUX, hata likiwa jozi ya jekundu na jeupe, latosha kuunganishwa na kipokezi kidogo cha Bluetooth. Asitumie lile la PHONO. Hilo ni la kinanda cha santuri, hukuza sauti kupita kiasi na muziki ukakwaruza.

Hasara hutokea zaidi dukani. Kifaa kinachopokea sauti na kile kinachoirusha hufanana mno, na cha kurusha hakifai kwa kazi hii. Kwa mkazi wa Gehandu, kurudi Katesh kubadilisha kifaa ni nauli nyingine. Basi aombe kijaribiwe mbele yake, amwoneshe muuzaji picha ya matundu ya redio yake ili apewe waya unaolingana, na adai risiti.

Umbali wa kawaida ni takriban mita 10, na ukuta wa tofali huupunguza. Nyimbo zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta hazitumii kifurushi cha intaneti. Zinazochezwa moja kwa moja kutoka mtandaoni hukitumia.