Dakika mbili, mpira mmoja, vijana sita

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma sasa gazetini, juma hili naomba tuzungumzie mpira wa kikapu. Nataka kueleza zoezi moja tu, ambalo kocha yeyote wa mtaani anaweza kulifanya hata kama ana mpira mmoja.

Nimepita kwenye viwanja kadhaa vya saruji hapa mjini, mnamo saa kumi na moja jioni, na nimeona jambo lile lile. Vijana 12, mpira mmoja. Wawili watatu walio hodari wa kulenga ndio wanaotupa. Waliobaki wamesimama pembeni, mikono kiunoni, kazi yao kuokota mpira ukitoka nje. Baada ya miezi michache hao waokotaji hawaonekani tena, nasi tunasema vijana wa siku hizi hawana moyo. Moyo utatoka wapi, ikiwa kijana anamaliza jioni nzima bila kutupa hata mara moja?

Zoezi lenyewe ni hili. Vijana sita wanapanga mstari kwenye alama ya mtupo huru, mita 4.6 kutoka kwenye ubao. Wa kwanza anatupa. Mpira uingie usiingie, yeye mwenyewe anaukimbilia, anaudaka kabla haujagusa chini, anampasia wa pili, kisha anarudi nyuma ya mstari. Wa pili naye vivyo hivyo. Kocha anapuliza filimbi na kutazama saa, dakika 2 kamili. Vikapu vinahesabiwa kwa sauti, na hesabu ni ya kundi zima. Sita wengine ndio wanaohesabu, wakingoja zamu yao.

Msikilizaji anaweza kudhani kuwa hili ni zoezi la kulenga tu. Hebu tupige hesabu. Zamu moja ikichukua sekunde 5, dakika 2 zinatosha mitupo 24. Nusu ikiingia, ni vikapu 12. Sasa chukua vijana wale wale, wenye shabaha ile ile, lakini kila mmoja akishatupa anasimama kuangalia. Mpira unadunda, unabingirika, na zamu inachukua sekunde 8. Mitupo inakuwa 15, na vikapu ni 7 au 8. Ili wafikishe 12 itabidi wafunge mitupo 12 kati ya 15, yaani asilimia 80. Hata timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kwa kawaida hukosa zaidi ya nusu ya mitupo yao ya mchezoni. Kwa hiyo muda uliopotezwa na miguu, mikono haiwezi kuulipa.

Ndiyo maana mpira wa kurudi, ambao wachezaji huuita ribaundi, haufai kuachiwa warefu peke yao. Mtupo wa kutoka upande mmoja, ukikosa, mara nyingi huangukia upande wa pili. Wa mbali huruka mbali. Anayetupa ndiye wa kwanza kuhisi kama mpira umekwenda kombo, basi naye awe wa kwanza kuufuata.

Na saa si mapambo. NBA waliweka kikomo cha sekunde 24 kwa kila shambulizi mwaka 1954. Shirikisho la dunia, FIBA, liliteremka kutoka sekunde 30 hadi 24 mwaka 2000. Tangu mwaka 2014, timu iliyogonga pete ikaupata tena mpira hupewa sekunde 14 tu. Katika sekunde hizo hakuna nafasi ya kujifunza. Mtu hufanya alichokwisha kuzoea mazoezini.

Jioni moja nilishuhudia kundi lililopangiwa vikapu 12 likiishia 11. Aliyetupa mwisho alikuwa hodari wao. Alikosa, akabaki ameinua mkono, mpira ukadunda hadi ukutani, filimbi ikalia. Akaanza kuwalaumu wenzake kwamba hawajui kulenga. Kijana mmoja mfupi, aliyefunga mara moja katika mitupo minne, akamjibu kwa upole: "Kaka, mimi nimekosa, lakini mpira niliuleta."

Kocha hakuongeza neno. Alipuliza filimbi, wakaanza upya. Safari hii yule hodari alikimbia, nao wakafika 12.

Makocha wetu, andikeni hesabu hiyo kwenye daftari kila juma. Wakifikia lengo, ongezeni kikapu kimoja. Wakilizoea, mwekeni mpinzani chini ya pete agombee mpira nao.

Nilipopita tena juma lililofuata, yule kijana mfupi alikuwa amefika kabla ya kocha, anafagia mchanga uwanjani.

Tukutane juma lijalo.