Sauti ya Chura: Jinsi ya Kufundisha Uteuzi wa Kijinsia

Mvua za kwanza zinyeshapo, madimbwi hujaa sauti za vyura. Mwanafunzi akiulizwa sababu, huenda akajibu kuwa vyura wanaita mvua. Tusilidharau jibu hili, kwani limetokana na kuona. Lakini hatuna budi kulisahihisha. Waliao hasa ni madume, nao huwaita majike.

Mwaka 1871 Charles Darwin alieleza kwamba baadhi ya maumbile hayamsaidii mnyama kuishi siku nyingi, bali humsaidia kupata mwenzi. Huo ndio uteuzi wa kijinsia. Kwa vyura tunaweza kuuonyesha kwa mifano mitatu.

Kwanza, madume hupigana. Chura wa Ulaya mwenye ngozi ya vinundu hung'ang'ania mgongoni mwa jike, na wenzake hujaribu kumng'oa. Davies na Halliday walionyesha mwaka 1978 kuwa dume mkubwa hutoa sauti nzito, na wapinzani wakiisikia hupunguza mashambulizi.

Pili, majike huchagua. Dume wa túngara, chura mdogo wa Panama, hutoa mlio mrefu, na aweza kuufuatisha milio mifupi. Michael Ryan alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuwa majike huvutiwa zaidi na mlio wenye nyongeza. Lakini popo alaye vyura huvutiwa nao pia. Basi sauti iletayo mwenzi yaweza kuleta mauti.

Tatu, mbegu za kiume nazo hushindana. Yuko chura wa mitini ambaye makao yake hufika pwani ya Kenya na Tanzania. Jike hutaga katika povu kwenye tawi lililo juu ya maji, na mara nyingi madume kadhaa humwaga mbegu katika kiota hicho kimoja. Mwenye mbegu nyingi ana nafasi kubwa ya kupata watoto. Ndiyo sababu korodani za madume hawa ni kubwa mno zikilinganishwa na miili yao.

Hapa mwalimu ajihadhari. Tusiseme kamwe kwamba chura "alitaka" sauti nzito, akaipata. Madume walitofautiana tangu kuzaliwa. Waliofanikiwa kupata wenzi waliacha watoto wengi zaidi, na watoto wakarithi maumbile yao.

Tunapendekeza zoezi la maharagwe. Kila kikundi kianze na matano meupe na matano mekundu. Katika kila kizazi, kila jeupe liache mtoto mmoja mweupe, na kila jekundu liache wawili wekundu. Kisha wazazi waondolewe. Baada ya vizazi vitatu, meupe yatakuwa 5 na mekundu 40. Ndipo tuwaulize wanafunzi: ni harage gani lililotaka kuwa jekundu? Wakishajibu kuwa hakuna, watakuwa tayari kurudi kwenye swali la chura na sauti yake.