Ushawishi wa madaktari katika utungaji wa sheria za afya Tanzania

Ushawishi wa madaktari katika utungaji wa sheria za afya ni jitihada za madaktari, mmoja mmoja au kupitia vyama vyao, za kuwafanya wabunge, mawaziri na madiwani watunge, warekebishe au waache sheria inayogusa wagonjwa na kazi ya tiba. Nchini Tanzania jitihada hizo huonekana zaidi Dodoma, makao ya Bunge, lakini hufanyika pia katika halmashauri za wilaya, kama ile ya Lushoto katika Milima ya Usambara. Makala hii inahusu Tanzania Bara. Afya si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina wizara yake ya afya, na sheria zake hutungwa na Baraza la Wawakilishi.

Njia ya muswada

Muswada wa serikali huandaliwa wizarani, hupita Baraza la Mawaziri, huchapishwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa bungeni kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo hupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika, nayo huita wadau watoe maoni. Mlango wa daktari uko hapo. Muswada ukishafika kwenye mjadala wa kusomwa mara ya pili, kilichobaki ni kidogo, na ukiletwa kwa hati ya dharura muda wa kuusoma na kuujibu hupungua sana.

Maoni yanayosikilizwa si malalamiko ya jumla. Huonyesha kifungu, hueleza kitamfanya nini mgonjwa, na hupendekeza maneno ya kuweka mahali pake. Serikali ikikubali, huleta jedwali la marekebisho. Mbunge anaweza pia kuleta la kwake, ndiyo maana madaktari huwatafuta wabunge wa majimbo yao hata kama hawamo katika kamati.

Wanaoitwa kwa kawaida ni vyama na taasisi. Chama cha Madaktari Tanzania (MAT) ni chama cha hiari cha wanataaluma. Kisichanganywe na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo ni chombo cha kisheria cha kusajili madaktari na kusimamia maadili yao, na ambalo sasa linaongozwa na sheria ya mwaka 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1959. Hospitali za makanisa husemewa na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC), iliyoanzishwa 1992, na vituo binafsi vina chama chao, APHFTA. Masilahi ya makundi haya hayafanani: mwenye hospitali hutazama bei inayolipwa na bima, wakati daktari aliyeajiriwa hutazama mshahara, vifaa na wingi wa wagonjwa.

Daktari ndani ya serikali

Kuwa na daktari katika Baraza la Mawaziri hakumaanishi kwamba matakwa ya madaktari yatatimizwa. Mfano ulio wazi ni Leader Stirling, daktari mpasuaji Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali za misheni kusini mwa Tanganyika, akawa mbunge, kisha Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Katika kipindi chake, mwaka 1977, ilitungwa sheria ya kudhibiti hospitali binafsi iliyopiga marufuku tiba ya kujipatia faida. Mashirika yaliyokubaliwa, hasa ya dini, yaliruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo hospitali za Kilutheri za Usambara, kama Bumbuli na hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, hazikufungwa. Katazo hilo liliondolewa 1991.

Bima ya Afya kwa Wote

Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukaahirishwa zaidi ya mara moja, na ukapitishwa tarehe 2 Novemba 2023. Waziri wa Afya aliyeusimamia alikuwa Ummy Mwalimu, mwanasheria na mbunge wa Tanga Mjini. Ucheleweshaji huo haukuwa hasara tupu. Muswada wa kwanza ulikosolewa kwa kufunga huduma nyingine, kama leseni ya udereva, kwenye bima, na kwa kutosema wazi fedha za wasiojiweza zitatoka wapi. Sheria iliyopitishwa iliweka mfuko kwa ajili yao na kutaja vyanzo, vikiwamo sehemu ya ushuru wa vinywaji na tozo za michezo ya kubahatisha.

Jambo lililogusa vijiji lilikuwa kiwango cha mchango. Mwaka 2022 kilitajwa kiasi cha shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulikuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa kaya kama hiyo, ingawa kwa huduma chache zaidi. Kwa mkulima wa mbogamboga na matunda wa Lushoto, ambaye fedha yake hufuata msimu, pengo hilo ndilo huamua kama mtoto atafikishwa hospitali mapema au baada ya dawa za dukani kushindwa. Daktari wa wilaya huwaona wagonjwa wa aina zote mbili, na ushahidi huo mjumbe wa kamati aliyeko Dodoma hawezi kuupata bila yeye.

Mipaka ya mgomo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 huhesabu afya kuwa huduma muhimu, na mgomo katika huduma hizo umebanwa sana. Hata hivyo mwaka 2012 madaktari waligoma. Chanzo cha kwanza kilikuwa posho za madaktari tarajali wa Muhimbili, lakini madai yalipanuka hadi mishahara, vifaa na hali ya hospitali. Mwezi Mei Waziri wa Afya Haji Mponda na naibu wake Lucy Nkya waliachwa katika mabadiliko ya baraza. Mgomo ulirudi Juni licha ya amri ya mahakama, na usiku wa tarehe 26 Juni kiongozi wa kamati ya madaktari, Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa na kuachwa katika msitu wa Mabwepande, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Alipelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Madaktari tarajali wengi walisimamishwa. Walioumia zaidi ni wagonjwa waliokosa huduma, na hoja za vifaa zilizokuwa na uzito zilifunikwa na ugomvi wenyewe.

Nchini Kenya mgomo wa 2016 na 2017 ulidumu siku 100, na viongozi wa chama cha madaktari, KMPDU, walifungwa kwa muda kwa kudharau mahakama.

Ngazi ya wilaya

Mganga Mkuu wa Wilaya ni mtumishi wa umma, hivyo hawezi kufanya kampeni dhidi ya serikali inayomwajiri. Ana njia nyingine. Huingia katika vikao vya halmashauri kama mtaalamu asiye na kura, huandaa mpango wa afya wa mwaka, na huwashauri madiwani wanapotunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982. CHF yenyewe, kwa sheria ya 2001, iliendeshwa kupitia halmashauri.

Takwimu ndiyo silaha yake kubwa. Tauni ilirudi mara kwa mara Lushoto kuanzia 1980, na taarifa za wagonjwa kutoka zahanati za milimani ziliifanya wilaya hiyo ifuatiliwe na wizara na watafiti kwa zaidi ya miaka ishirini. Vivyo hivyo, ushahidi wa usugu wa malaria kwa klorokwini, uliokusanywa Muheza na kwingineko, ulitangulia uamuzi wa 2001 wa kuiacha dawa hiyo nchini. Huo ulikuwa uamuzi wa wizara, na haukuhitaji kura ya Bunge.