Kabla ya Kupima Ngazi, Pima Hewa

Anayenunua piano hunipigia simu kuuliza habari za ngazi. Itapita? Ibebwe na watu wangapi? Sakafu itahimili? Maswali hayo ni ya haki, lakini ngazi ni shughuli ya nusu saa. Kinachoamua kama piano itadumu ni hewa ya chumba itakamokaa miaka yote, na hiyo hakuna anayeiulizia.

Tuchukue safari ngumu kwelikweli: piano mpya ya kulala, ile ya miguu mitatu, itoke Nairobi hadi fleti ya ghorofa ya pili mjini Lodwar, Turkana.

Piano yenye urefu wa mita 1.8 ina uzito wa kilo 300 hivi. Ile ya jukwaani ya Steinway, Modeli D, hufikia kilo 480. Haisukumwi ikiwa imesimama kwa miguu yake. Kifuniko hung'olewa kwanza, kisha pedali na fremu yake. Unafuata mguu wa kushoto, upande wa sauti nene. Kona hiyo huteremshwa polepole hadi piano ilalie ubavu wake ulionyooka, juu ya ubao mnene uliotandikwa blanketi, ndipo miguu miwili iliyobaki itolewe. Mikanda ikishakazwa, wabebaji humsikiliza mtu mmoja tu. Kwenye ngazi, taabu huwa pale zinapogeuka, kwa hiyo kona hiyo ipimwe kabla lori halijawashwa.

Lori likipita Kitale, liko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi na mashamba ya mahindi. Kutoka hapo linapanda Kapenguria, linateremka Marich, linapita Kainuk na Lokichar, na kuingia Lodwar kwenye mita 500 hivi. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kama milimita 200. Upepo mkali unaopenya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya hauachi unyevu mwingi nyuma. Kwa siku moja au mbili tu, mbao zimetolewa kwenye ukungu zikatiwa kwenye tanuri.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Piano ina nyuzi kama 230, na mvuto wake wote kwa pamoja hukaribia tani 20. Mzigo huo hubebwa na fremu ya chuma cha kusubu, ambayo haijali kiangazi. Lakini sauti yenyewe hutoka kwenye ubao mwembamba ulio chini ya nyuzi, wa mti wa nchi za baridi wa jamii ya misonobari. Ubao huo umepindwa kidogo kwenda juu kama mgongo wa kobe, na mgongo huo ndio unaozisukuma nyuzi. Hewa ikikauka, mbao husinyaa, mgongo hubonyea, na sauti hushuka. Ukavu ukizidi, ubao hupasuka kufuata nyuzinyuzi zake. Vigingi vinavyokaza nyuzi navyo hulegea kwenye matundu yake, na hapo hata fundi akityuni leo, kesho sauti imeshuka tena.

Wachongaji wa Turkana wanalijua jambo hili tangu zamani. Ekicholong, kile kigoda ambacho mzee hukalia mchana na kulalia kichwa usiku, huchongwa kwa kipande kimoja cha mti, kwa hiyo hakina kiungo cha kuachia. Piano ni kinyume chake: maelfu ya vipande vilivyounganishwa, vingi kwa gundi. Ndiyo maana enzi za ukoloni watengenezaji wa Ulaya waliziimarisha piano za nchi za joto kwa skrubu na vyuma vya shaba badala ya kuiamini gundi peke yake.

Basi chumba kiandaliwe hivi. Unyevu wa hewa unaoifaa piano ni kati ya asilimia 40 na 60, na kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka kwake. Iweke kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jua la jioni. Kiyoyozi cha kawaida hupoza huku kikiikausha hewa. Kwa Lodwar, kipoza hewa kinachotumia maji hufanya kazi mbili kwa pamoja, kupoza na kurudisha unyevu. Beseni la maji chini ya piano ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini lisikupe usingizi. Vumbi lizuiwe kwa shuka na kifuniko kilichofungwa. Fundi asiitwe siku ya kwanza: iache piano izoee chumba wiki mbili au tatu ndipo ityuniwe, kisha irudiwe mara tatu au nne mwaka huo wa kwanza, kwa kuwa nyuzi mpya bado zinanyooka.

Ukisogea kilomita 120 hivi hadi Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, utakuta kwaya zimepata jibu lao: kinanda cha umeme, spika, na betri inayochajiwa kwa sola. Kinanda hicho hakina ubao wa kubonyea wala uzi wa kulegea. Adui wake ni vumbi linaloingia kwenye vipande vya mpira vilivyo chini ya vibonye, na dawa yake ni leso ya kukifunikia baada ya ibada. Piano ya umeme yenye vibonye vizito itamfundisha mtoto wa Lodwar vidole vilevile.

Kama moyo bado unataka ile ya miguu mitatu, nunua kipima unyevu kabla ya piano. Kiweke chumbani mwezi mzima, uandike namba asubuhi na saa nane mchana, kisha unipigie unisomee. Ngazi tutazipima baadaye.