Kompyuta ya baiskeli ikae wapi?

Wajukuu zangu, baiskeli nyingi mnazozijua hapa Singida ni zile Phoenix nzito, nyeusi, zenye keria pana, zinazobeba madumu ya maji asubuhi na gunia la alizeti jioni. Lakini kuna na hizi za mtumba, zenye gia, zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam zikafika kwetu juu ya malori. Ukiikagua moja ya hizo kwenye usukani, mara nyingine utakuta kishikizo kidogo cha plastiki kisichoshika kitu. Hapo palikaa kompyuta ya baiskeli, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachomwambia mpandaji amekwenda kilomita ngapi na anakimbia kasi gani.

Kabla hatujasema ikae wapi, tuone inavyohesabu.

Kwenye spoku moja ya gurudumu la mbele hufungwa sumaku ndogo. Kwenye foku, mkabala na sumaku, hufungwa kihisi. Ndani ya kihisi mna kichupa chembamba cha kioo chenye vipande viwili vya chuma vinavyokaribia kugusana. Sumaku ikipita, vipande vinavutana na kugusana, umeme unapita mara moja, na kompyuta inaandika: gurudumu limezunguka mzunguko mmoja. Basi. Yote mengine ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya. Gurudumu la inchi 28 la Phoenix, tairi likiwa limejaa, husogea kama mita 2 na sentimita 23 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko 450 hivi.

Ndiyo maana mwenye kompyuta lazima kwanza aiambie gurudumu lake lina ukubwa gani. Kompyuta iliyotoka kwenye baiskeli ya inchi 26 inaweza kuwa imewekewa mita 2 na sentimita 5. Ihamishie kwenye Phoenix bila kubadilisha kipimo, kisha nenda nayo Manyoni, kama kilomita 120 kutoka Singida mjini, nayo itakuandikia 110. Kilomita 10 zimepotea, na barabara haikufupishwa na mtu. Dawa yake ni chaki na futi kamba. Chora alama kwenye tairi pale linapogusa ardhi, na nyingine ardhini chini yake. Mwenzako akalie siti, maana uzito hulibonyeza tairi kidogo, kisha isukumeni mbele mpaka alama ya tairi irudi chini. Pimeni urefu huo kwa milimita na muuingize kwenye kompyuta.

Sasa mahali pake. Tuanzie mbali kidogo, maana kazi ya kupima mwendo ni ya kale sana. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Mrumi mmoja aitwaye Vitruvius aliandika jinsi ya kutengeneza gari la kukokotwa lenye magurudumu ya meno ndani yake, ambalo kila likimaliza maili moja ya Kirumi, yaani kama kilomita moja na nusu, huangusha kijiwe ndani ya chombo cha shaba. Kijiwe kikianguka kinalia, na msafiri anajua maili imepita bila kugeuza shingo. Napenda sana akili ile. Mwaka 1895, huko Hartford nchini Marekani, Curtis Veeder alianza kuuza kihesabio cha baiskeli kilichofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, kikigongwa na kipini cha kwenye spoku. Kilihesabu sawasawa, lakini kilikaa chini kabisa, karibu na vumbi, na aliyetaka kukisoma akiwa safarini ilibidi ainamishe kichwa. Kompyuta za umeme zina sehemu mbili zilizotenganishwa: kihisi kimebaki chini kwenye gurudumu, namba zimepanda hadi kwenye usukani. Na hapo ndipo swali letu linapozaliwa, kwa sababu usukani una nafasi nyingi na si zote zinafaa.

Fanyeni hesabu hii. Ukikimbia kilomita 25 kwa saa, unakwenda karibu mita 7 kila sekunde. Ukiinamisha kichwa sekunde mbili kutafuta namba, umekata mita 14 bila kuona mbele. Lori linalokuja upande wa pili kwa kilomita 80 kwa saa limekata mita 44 katika sekunde hizo hizo. Barabara ya Dodoma hadi Nzega, inayopita katikati ya mkoa wetu, ina malori mchana na usiku. Kwa hiyo mahali pazuri pa kompyuta ni pale ambapo macho hushuka kidogo tu na kurudi, na hata yakishuka, barabara bado inaonekana kwa juu.

Kwa baiskeli ya gia yenye usukani ulionyooka, mimi nachagua mbele ya shingo ya usukani, katikati, juu ya mkono mfupi wa plastiki unaotokeza mbele. Pale ni karibu na mstari wa macho. Watu wengi huifunga juu ya shingo yenyewe kwa kuwa ni rahisi. Haikatazwi, lakini inakulazimisha uangalie magoti yako. Pembeni, karibu na mkono, nako si kuzuri: kengele, breki na gia vinagombea nafasi hiyo, na kidole kinachotafuta breki kisikutane na kitu kingine.

Phoenix ina shida yake. Usukani wake umepinda kurudi nyuma, na breki zake ni za fito, ambazo hupita chini ya usukani na hupanda na kushuka kila unapobana. Usiifunge kompyuta wala waya wake juu ya fito hizo. Tafuta kipande cha bomba kilicho wazi kando ya shingo, upande usio na kengele. Futa vumbi na mafuta, zungushia kipande cha tyubu kuukuu kama vile mnavyofunga mzigo kwenye keria, kisha kaza kishikizo juu ya mpira huo. Mpira utazuia kisiteleze, na utapunguza mtetemo mkipita kwenye rasta kabla ya matuta. Kompyuta isiyo na mpira huanza kuinamia chini taratibu, na mpandaji naye huanza kuinama kuifuata.

Elekezeni kioo usoni kwenu. Jua letu la saa sita liko karibu utosini, na kioo kilicholala kuelekea angani hukurushia mwanga machoni. Kikikutazama wewe moja kwa moja, kinachoakisiwa ni uso wako na kivuli cha kofia yako, na namba zinasomeka.

Ikiwa ni ya waya, waya upande ukizungushwa kwenye foku, na juu, penye shingo, uachiwe nafasi. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Ukikazana, ongeza nafasi, la sivyo utakatika siku ya kwanza utakapokata kona kali. Ikiwa haina waya, nyingi kati ya zile za bei nafuu husikia kihisi kwa umbali wa sentimita 60 au 70 tu, basi isikae mbali na foku yenye kihisi. Sumaku nayo iwe milimita chache tu kutoka kwenye kihisi, bila kukigusa. Zile za GPS hazihitaji sumaku. Zenyewe husikiliza setilaiti zilizo kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, na kinachozisumbua ni kufunikwa. Usizizibe kwa kikapu wala mfuko wa shule.

Mkimaliza, msiingie barabarani papo hapo. Baiskeli ikiwa imesimama, kaa kwenye siti, bana breki zote, piga kengele, geuza usukani, simama juu ya pedeli kama unayepanda mlima. Kama goti au kidole kimegusa kompyuta, isogeze. Ni dakika tano tu.

Mtakachokiona kwenye kioo kitawashangaza. Upepo wa Singida mnaujua. Kijana mwenye nguvu akiukabili upepo ataona namba inashuka hata barabara ikiwa tambarare kabisa, na akigeuza kurudi nyumbani itapanda bila yeye kuongeza nguvu. Asijione mvivu wakati wa kwenda, wala asijione bingwa wakati wa kurudi. Aiangalie mara moja moja, penye nafasi, pasipo na gari mbele wala nyuma.

Na mkiwa wakubwa mkachukua njia ya Igunga, baada ya Misigiri mtafika mteremko wa Sekenke. Kagueni breki kabla ya kuanza kushuka, na aliye na shaka nazo ashuke aisukume baiskeli kwa miguu. Pale msiitazame kompyuta kabisa, hata iwe imefungwa mahali pazuri kuliko zote. Kompyuta nyingi huhifadhi zenyewe kasi ya juu kabisa mliyofikia. Mtaisoma mkifika Shelui, baiskeli zikiwa zimesimama.