Yule Mnyama wa Usiku ni wa Nani?

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii niliisikia mara nyingi sana mwaka 1978, nikiwa mtoto wa miaka 11 katika mtaa wa Makongeni, hapa Makadara, mashariki mwa Nairobi. Lililosemwa wakati huo ni kwamba kuna mnyama mkubwa anayetembea usiku kandokando ya njia ya reli.

Waliomwona walikuwa wengi, lakini hapakuwa na wawili waliomwona sawasawa. Mlinzi wa ghala moja upande wa viwandani alisema kimo chake ni cha ndama. Mama mmoja aliyeamka alfajiri kwenda mferejini alisema ni wa rangi ya majivu na macho yake yawaka kama taa za gari moshi. Kijana mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kwenye pombe aliapa kwamba mnyama huyo alimwita kwa jina lake! Lililokuwa na hakika ni moja tu. Kuku walikuwa wakipotea, na kulipokucha tulikuta manyoya na matone ya damu.

Mtaa wetu ulijengewa wafanyakazi wa reli, na watu wa reli hawakuhitaji kufundishwa habari za simba. Jioni wazee walipokaa nje kupunga upepo, hadithi zilianza na zote zilielekea Tsavo.

Walisimulia jinsi simba wawili wasio na manyoya ya shingoni walivyowatesa wajenzi wa reli mwaka 1898. Kwa muda wa miezi tisa hivi waliwatoa watu ndani ya mahema, wakaruka maboma ya miiba, wakakwepa mitego. Vibarua kutoka Bara Hindi walisema hao si simba bali ni roho za machifu wawili waliokufa, waliokasirika kwa kuwa reli yapita katika ardhi yao. Mhandisi J. H. Patterson alimwua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba mwaka huo huo.

Baada ya Tsavo, ilifuata Kima. Mwezi wa Juni mwaka 1900, afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani ya behewa katika stesheni hiyo akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamshinda, simba akaingia, akamchukua na kutoka naye dirishani. Behewa hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi. Baba yangu alinipeleka kuliona, nami nilikataa katakata kulikaribia lile dirisha.

PAKA WA SULTANI

Lakini hadithi iliyotutia hofu kuliko zote haikutoka kwa wazee hao. Ilitoka kwa Bibi. Huyu alikuwa mjane wa fundi mmoja wa reli, mzaliwa wa Pwani, aliyeishi peke yake katika chumba kimoja na paka wake wanne. Alikuwa akiuza njugu na kashata, na sisi watoto tulipenda kwenda kwake jioni, kwa ajili ya kashata na kwa ajili ya ngano.

Yeye ndiye aliyetusimulia habari za Nunda, mla watu. Ngano hii ni ya kale huko Pwani. Askofu Edward Steere aliichapa katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870, ikiwa ndani ya kisa cha Sultani Majinuni.

Sultani huyo alikuwa na paka aliyempenda mno. Siku moja paka akamkamata ndama. Watumishi walipokwenda kushtaki, Sultani aliwajibu kwamba aliyekula ni mali yake na aliyeliwa pia ni mali yake, basi wao wana neno gani? Paka akaendelea na mbuzi, ng'ombe na punda, na kila walipokuja kushtaki jibu lilikuwa lile lile. Akala watoto wa watu, akala watu wazima, na Sultani bado akamtetea. Siku alipowala wana wa Sultani mwenyewe, ndipo baba yao alipotamka kwamba huyu si paka tena, ni Nunda.

Mwana wa mwisho akaingia mwituni kumtafuta. Kila alipoua mnyama alimburura hadi kwa mama yake kumwuliza kama ndiye, na kila mara mama alisema siye. Alianza na mbwa, akafika hata kwa ndovu. Mwishowe akampata Nunda mlimani akamwua, na nchi ikapumua.

Sisi tuliosikiliza hatukumkumbuka Sultani. Tulichokumbuka ni kwamba paka wa nyumbani aweza kukua akawa Nunda, na kwamba Bibi ana paka wanne.

Msomaji, sijui ni nani aliyetangulia kulisema neno lile mtaani. Najua tu kwamba mimi nililisema. Niliwaambia wenzangu penye mfereji kwamba mnyama wa reli ni wa Bibi, na kwamba humfungulia mlango usiku. Nililisema kwa sababu lilikuwa na utamu mdomoni, na kwa sababu wenzangu walinyamaza kunisikiliza. Baada ya siku mbili nililisikia kutoka kwa watu wazima.

Njugu zake zikakosa wanunuzi. Mama zetu wakatukataza kashata zake. Usiku mmoja mawe yakarushwa juu ya bati lake, na kesho yake paka wawili walikutwa wamekufa mlangoni. Bibi hakugombana na mtu. Alifunga mzigo wake, akapanda gari moshi la Mombasa, wala hakurudi tena.

Hazikupita wiki mbili, walinzi wakawakuta wezi wetu ndani ya banda la kuku: mbwa wawili wa mitaani, mbavu nje, mmoja akiwa kilema cha mguu. Watu walicheka sana. Sikumbuki hata mmoja aliyetaja jina la Bibi.

MASWALI MAWILI

Tangu siku hizo nimekuwa nikikusanya habari za paka wakubwa wa ajabu wa Afrika Mashariki, nami nimeona kwamba kila mahali watu huuliza moja kati ya maswali mawili. Wengine huuliza: ni mnyama gani? Wengine huuliza: ni wa nani?

Wazungu walipenda swali la kwanza. Katika miaka ya 1920 hakimu wa Kiingereza aliyeitwa William Hichens alipokea Lindi taarifa za watu waliouawa usiku na mnyama waliyemwita mng'wa, au nunda, mkubwa na wa rangi ya kijivujivu. Aliandika kwamba mkononi mwa askari mmoja aliyeuawa zilikutwa nywele za kijivu, naye akazipeleka zikachunguzwe. Mnyama mwenyewe hakupatikana.

Huku kwetu, mwaka 1931, mkulima mmoja aliyeitwa Michael Trent aliua simba wawili wadogo wenye madoa katika milima ya Aberdare. Ikasemwa kuna aina ya simba wa milimani aitwaye marozi. Kijana wa Kiingereza, Kenneth Gandar Dower, alikuja kumsaka, na mwaka 1937 akatoa kitabu kizima juu ya safari hiyo pasipo kumpata simba mwenyewe. Maelezo yaliyo mepesi ni kwamba simba huzaliwa na madoa, na baadhi yao hukua bila madoa hayo kufutika kabisa.

Swali la kwanza, basi, lilizaa vitabu na mabishano. Swali la pili, ni wa nani, limetoa watu roho.

Tazama Unguja. Huko palikuwa na chui wa aina yake, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa madogo. Watu waliamini kwamba chui wengi hufugwa na wachawi, ambao huwatuma kula mifugo ya jirani na kutisha watu. Kilichokuwa kikitokea hasa ni kwamba watu waliongezeka, mashamba yakala misitu, na chui mwenye njaa akasogea kwenye mabanda. Lakini mbuzi alipoliwa, swali lilikuwa: nani amemtuma? Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni kubwa ya kuwafichua wachawi na kuwaua chui kwa pamoja. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu walihesabu kwamba chui wa Unguja ametoweka. Mwaka 2018 watengenezaji wa kipindi cha televisheni walionyesha picha ya mnyama anayefanana naye, lakini hilo halikutosha kuwa uthibitisho.

Tazama tena Njombe, kusini mwa Tanganyika, ambako simba waliwaua watu wengi tangu 1932 hadi 1947. Yasemekana watu waliogopa hata kuwataja, wakiamini kwamba simba hao ni wa mganga mmoja aliyevuliwa cheo na anayelipiza kisasi. Bwana nyama George Rushby na wasaidizi wake waliua simba 15 na mauaji yakakoma. Wako waliosema kwamba yamekoma kwa sababu mganga amerudishiwa cheo chake.

JINO BOVU

Siku hizi wataalamu wamelijibu swali la kwanza kwa kutazama mdomoni. Mafuvu ya simba wa Tsavo yamo katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Mmoja wao alikuwa na jino kubwa lililovunjika na usaha kwenye mzizi, na mnyama mwenye maumivu ya namna hiyo hawezi kumkaba nyati. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba simba hao wawili walikula watu wapatao 35. Patterson alipata kutaja 135. Kule Rufiji, Tanzania, simba aliyeuawa mwaka 2004 baada ya watu zaidi ya 30 kupoteza maisha naye alikutwa na jipu chini ya gego.

Jino bovu, njaa, misitu iliyokatwa na nguruwe-mwitu wanaowavuta simba hadi mashambani: hizo ndizo roho zenyewe.

Je, tulitupe swali la pili? Hapana. Hapa Nairobi simba si ngano, kwa maana mbuga yao, iliyofunguliwa mwaka 1946, imepakana na jiji. Mwezi wa Februari mwaka 2016 baadhi yao walitoka na kuonekana karibu na makazi ya watu. Tarehe 30 Machi mwaka huo, simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alipigwa risasi akafa huko Isinya, baada ya kumjeruhi mtu. Hapo hakuna aliyemtafuta mchawi. Mwenye simba alijulikana, ni Serikali kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama wa aina hiyo. Mwananchi anayeidai fidia hiyo anauliza ni wa nani, naye anauliza mahali panapostahili.

Hivyo ndivyo Bibi alivyotaka tusikie, nasi hatukusikia. Ngano ya Nunda haimtaji mjane yeyote wala chumba cha mwisho penye mstari. Yamtaja Sultani, yule ambaye watu walikwenda kumshtakia mara baada ya mara naye akawaambia kwamba wao hawana neno. Sisi wa Makongeni tulikosa wa kumshtakia, tukamgeukia mtu ambaye hakuwa na mtu.

Mpaka leo, nipitapo stesheni ya Makadara jioni na kumwona paka akivuka reli, humkumbuka yeye na kashata zake. Watoto wangu waliponiomba ngano za kutisha niliwasimulia ya Nunda. Lakini kila nilipofika pale watumishi wanapokwenda kushtaki, nilisimama kidogo, nikawauliza: haya, wanangu, huyu paka ni wa nani?