Umeme Una Hesabu Yake

Katika miji yetu umeme umekuwa kama mtumishi wa nyumba: wawasha taa, wapasha pasi moto, wachemsha maji. Lakini mtumishi huyu akilemewa na kazi hapigi kelele. Hutoa joto tu, na mwenye nyumba asiyeijali dalili hiyo huenda akaitambua usiku, nyumba ikiwaka moto. Yafaa basi wazazi na wanafunzi waijue hesabu ya umeme. Si ngumu: ajuaye kuzidisha na kugawanya ataiweza.

Maneno manne

Fikirini tangi la maji lililowekwa juu. Kadiri linavyoinuliwa, ndivyo maji yanavyosukumwa zaidi. Bomba jembamba huyazuia, bomba pana huyapisha. Umeme nao ni vivyo hivyo. Msukumo wake hupimwa kwa volti. Mkondo upitao katika waya hupimwa kwa ampea. Kizuizi ambacho mkondo hukutana nacho, yaani ukinzani, hupimwa kwa omu. Nguvu, yaani kazi itendekayo katika kila sekunde, hupimwa kwa wati.

Aliyeonyesha jinsi volti, ampea na omu zinavyofungamana ni Georg Simon Ohm, mwana wa fundi wa makufuli wa Erlangen, Ujerumani. Alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia mjini Köln, akifanya majaribio kwa nyaya za urefu na unene mbalimbali, na mwaka 1827 akatoa kitabu chake. Kanuni yake ni hii: gawanya volti kwa ampea, utapata omu. Nasi twaongeza kanuni ya pili: zidisha volti kwa ampea, utapata wati.

Tujaribu kwa pasi

Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 220. Pasi moja yavuta ampea 5. Ukinzani wake ni 220 ÷ 5 = omu 44; nguvu yake ni 220 × 5 = wati 1,100. Jiko la umeme likivuta ampea 10, ukinzani wake ni omu 22, na nguvu yake ni wati 2,200. Mwanafunzi asishangae kwamba chenye ukinzani mdogo ndicho chenye nguvu kubwa: mlango mpana hupitisha watu wengi.

Hesabu hii yafaa hasa kwa vyombo vya kutoa joto. Friji na vyombo vingine vyenye mota vina mambo ya ziada, navyo huvuta mkondo mkubwa zaidi vinapoanza kazi.

Joto la waya

Mwaka 1841 Mwingereza James Joule alieleza jambo ambalo kila nyumba ingefaa ilijue. Ili kupata joto litokalo katika waya, zidisha ampea kwa ampea zenyewe, kisha zidisha kwa omu za waya huo. Maana yake, mkondo ukiongezeka mara 3, joto huongezeka mara 9.

Hata wahandisi wakubwa huiheshimu kanuni hiyo. Umeme wa Inga, kwenye mto Kongo, husafiri kilomita 1,700 hivi mpaka Kolwezi, kwa njia ya nyaya iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Njia hiyo ilijengwa kwa volti 500,000. Kwa nini nyingi hivyo? Kupeleka wati 1,000,000 kwa volti 220 kungehitaji ampea zaidi ya 4,500. Kwa volti 500,000 zatosha ampea 2. Mkondo ukiwa mdogo, joto linalopotea njiani huwa dogo.

Turudi nyumbani. Waya umekatika, na mtu ameuunganisha kwa kuusokota tu, akaufunga kitambaa. Tuseme kiungo hicho kina ukinzani wa omu 0.2. Pasi ikitumika peke yake, joto lake ni 5 × 5 × 0.2 = wati 5; hakuna atakayelitambua. Jiko likiwashwa pia kwenye waya ule ule, mkondo huwa ampea 15, na joto huwa 15 × 15 × 0.2 = wati 45. Kumbukeni kwamba chuma ambacho fundi wa redio huyeyushia risasi chaweza kuwa cha wati 40 tu! Joto kama hilo limekusanyika mahali padogo kama ncha ya kidole, chini ya kitambaa kikavu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mlinzi wa nyumba

Fyuzi ni kiwaya chembamba kilichowekwa makusudi kiyeyuke kabla nyaya za ukutani hazijaungua. Ikikatika mara kwa mara, inatuambia kwamba ampea zimezidi, au pana hitilafu. Anayeitoa na kutia msumari mahali pake amemfukuza mlinzi, na mwizi angali mlangoni.

Basi, enyi wazazi, chukueni kalamu pamoja na watoto wenu. Someni wati zilizoandikwa kwenye kila chombo, mzigawanye kwa 220 ili kupata ampea. Jumlisheni ampea za vyombo vyote vinavyotumia waya mmoja, kisha linganisheni na kiasi kilichoandikwa kwenye waya wa kurefushia au kwenye fyuzi. Jumla ikizidi, punguzeni vyombo. Kiungo au plagi ikipata joto, zimeni umeme, mkamwite fundi siku ile ile.